Swali la malale linapoulizwa Mamba

Bonde la Mpimbwe, ilipo Kata ya Mamba, linapakana na Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Penye pori na ndorobo, ugonjwa wa malale hauko mbali. Kuanzia miaka ya 1920 Waingereza waliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika na kuwakusanya pamoja kwa sababu yake. Siku hizi wagonjwa ni wachache, na uchache huo una hatari yake. Tabibu anaweza kufanya kazi miaka mingi asimwone hata mmoja, kisha aje mrina asali mwenye homa isiyosikia dawa ya malaria. Hapo kumbukumbu ya chuoni haitoshi.

Shirika la Afya Duniani lilishajaribu kuwafikia watumishi wa namna hii kwa sanduku la bati la buluu lenye vitabu zaidi ya 100. Halikuhitaji umeme wala bando, ila kitabu hakijisahihishi. Mwaka 2002 ikaja HINARI, inayofungua majarida ya tiba mtandaoni. Taasisi za Tanzania zinazosajiliwa hazilipi. Nywila hupewa taasisi, si mtu. Aliyeishika akihamishwa kimyakimya, wenzake wamefungiwa nje. Ikabidhiwe kwa maandishi, pamoja na funguo za stoo ya dawa.

Kuingia ni nusu ya kazi. Ukiandika jina la kawaida la ugonjwa huu kwa Kiingereza, utaletewa rundo la makala za Kongo, kuhusu kimelea cha gambiense. Cha kwetu ni rhodesiense: huua ndani ya miezi, wakati kile kingine hukaa mwilini miaka. Mtafutaji makini huandika jina kamili, Trypanosoma brucei rhodesiense, huongeza neno la tiba, kisha huanza na machapisho mapya.

Tarehe ndiyo inayoamua hapa. Vitabu vya zamani vitamwambia suramin kwa hatua ya kwanza na melarsoprol kwa ya pili, dawa yenye aseniki ambayo yenyewe huua baadhi ya wagonjwa. Akikuta mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 akaishia hapo, ataona vidonge vya fexinidazole ni vya gambiense tu. Mwongozo wa 2024 ndio ulioviweka mbele kwa rhodesiense pia, hatua zote mbili: siku 10, pamoja na chakula, kwa mwenye umri wa miaka 6 na kuendelea na uzito usiopungua kilo 20. Mtoto mdogo zaidi bado anarudi kwenye dawa za zamani.

Kazi hii ya kutafuta mkutubi wa hospitali ya rufaa angeweza kuifanya kwa simu, mradi aulizwe swali lililokamilika: umri, uzito, kimelea, hatua ya ugonjwa. Jibu liandikwe ukurasa mmoja wa Kiswahili, libandikwe chumba cha daktari, likiwa na jina la chanzo, tarehe ya kutafutwa na mwezi wa kutafutwa upya.