Maji na Ngazi katika Picha za Versailles

Wapo wasomi wanaodai kwamba picha za mapambo ya majengo hazina siasa. Hoja hiyo tunaikataa. Mfano wetu ni picha zilizochapwa kwa mabamba ya shaba nchini Ufaransa, enzi ya Mfalme Louis wa Kumi na Nne. Jean Le Pautre (1618–1682) na wenzake walichora kasri na bustani za Versailles, na serikali ya mfalme ikazigawa picha hizo kama zawadi katika nchi za nje. Zilikuwa chombo cha itikadi.

Katika picha hizo maji hurushwa juu bila kukoma, na juu ya ngazi pana hupanda mabwana na mabibi waliovaa kifahari. Alama hizi mbili zina ujumbe mmoja: hata maumbile humtii mfalme, na kila mtu ana kipandio chake. Katika Ngazi ya Mabalozi alama hizo ziliunganishwa: mgeni alipanda kwenda kwa mfalme akielekea kwenye maji yaliyotiririka mbele yake.

Hali halisi ilikuwaje? Versailles ilikuwa na uhaba wa maji. Mafundi walipeana ishara kwa filimbi. Maji yalifunguliwa mfalme alipokaribia, yakafungwa alipokwisha kupita. Mwaka 1684 ulizinduliwa mtambo wa Marly, wenye magurudumu 14 na pampu zaidi ya 200, kupandisha maji ya mto Seine kilimani. Hayakutosha. Mwaka 1685 makumi ya maelfu ya askari walianza kupelekwa kuchimba mfereji wa kuleta maji ya mto Eure. Homa iliwaua wengi. Vita vilipozuka mwaka 1688 kazi ilisimama, na mfereji haukukamilika kamwe.

Picha zinazotukuza chemchemi hizo hazimwonyeshi mpiga filimbi wala mchimba mfereji. Maji yanapanda kana kwamba hayana mpandishaji.

Hata hivyo, kuzitupa picha hizi ni kosa la pili. Ustadi wa wachoraji ni wa kweli. Ngazi ya Mabalozi ilibomolewa mwaka 1752, na leo twaijua hasa kwa picha zilizochapwa. Zilizotengenezwa kumsifu mfalme sasa ni ushahidi mbele yetu.

Basi tuzisome kwa maswali. Tukionyeshwa maji yanayopanda, tuulize ni jasho la nani liliyapandisha. Tukionyeshwa ngazi, tuulize nani alibeba mawe yake, na nani aliruhusiwa kuikanyaga.