Msafiri na Wenziwe: Neno Moja katika Tafsiri ya Bunyan

Kitabu cha John Bunyan, The Pilgrim's Progress, kilitoka mwaka 1678, na sehemu yake ya pili mwaka 1684. Isabel Hofmeyr, katika utafiti wake wa mwaka 2004, ameonyesha kwamba kimefasiriwa katika lugha zipatazo 80 za Kiafrika. Wahakiki wetu aghalabu hukitaja kama chombo cha wamisionari, kisha hupita. Hapa nauliza jambo dogo zaidi: mwenye kuifunga safari ile huitwa nani kwa Kiswahili, na jina hilo limemtenda nini?

Huitwa msafiri. Neno haji lilikuwapo, lakini yaelekea lilinukia Makka mno kwa pua za Waprotestanti. Wakatoliki wa leo hawana wasiwasi huo. Waendao Subukia au Namugongo hujiita mahujaji bila kigugumizi. Biblia ya Union nayo, katika Waebrania 11:13, imeshika neno wasafiri.

Hasara yake ni dhahiri. Haji hujulikana kwa mahali aendapo; msafiri aweza kuwa anakwenda kuuza mbuzi. Tena wahenga walikwisha kumhukumu: msafiri kafiri. Mtu aliyekatika na kwao, asiye na wa kumwonea haya, ndiye aliyevikwa joho la mteule wa Mungu! Msomaji mzawa wa lugha hii hawezi kukosa kuisikia kejeli hiyo, hata kama mfasiri hakuikusudia.

Hata hivyo neno lina faida ambayo sijaona ikitajwa. Katika karne ya 19, safari iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilikuwa msafara: wapagazi na kiongozi. Basi safari, kwa maana yake ya zamani, hubeba wenzi ndani yake. Hapo ndipo neno linapopingana na sehemu ya kwanza ya kitabu, ambamo Mkristo anaziba masikio kwa vidole na kuwakimbia mkewe na wanawe. Wasomaji wengi huishia katika picha hiyo, wakasema Bunyan ahubiri wokovu wa mtu binafsi. Wanasoma kwa haraka. Katika Ngome ya Shaka, Mkristo na mwenziwe Tumaini (majina nayafasiri mwenyewe) wanaanza kuomba usiku wa manane, Jumamosi, na kuendelea hadi karibu na mapambazuko. Ndipo Mkristo akumbukapo kwamba muda wote alikuwa na ufunguo kifuani. Maombi hayakuleta ufunguo. Yalileta kumbukumbu, nayo ilikuja wakati wawili walipokuwa wakiomba pamoja.

Sehemu ya pili, isiyosomwa sana, ndiyo msafara hasa. Mkewe Mkristo anatoka na wanawe wanne na binti jirani. Njiani wanaongezeka mzee, mtu wa magongo, na mnyonge wa moyo ambaye anaogopa kuwachelewesha wenziwe. Kiongozi anamjibu kwamba watamngoja. Mwendo wa wote unapimwa kwa mguu wa aliye dhaifu. Bunyan, aliyefungwa gerezani tangu mwaka 1660 hadi 1672 kisha akawa mchungaji wa kundi lake huko Bedford, alikuwa sasa ameishi na watu wa namna hiyo.

Ushirika wa jinsi hii ndio waliouelewa Ndugu wa Uamsho, ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930: kukutana mara kwa mara, kuungama mbele ya wenzako, kuombeana. Neno lenyewe lina historia ya ajabu. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupa shirki, dhambi kubwa kuliko zote katika Uislamu, na ushirikina. Wakristo wakautwaa kwa fungu lao jema, na wakulima wa kahawa kwa chama chao. Mfasiri wa Bunyan, basi, alikuwa na neno zito la kuushika msafara wote, lakini jalada likabaki na msafiri mmoja.

Mwishoni kila mmoja anaitwa kwa wakati wake kuuvuka mto, wala hakuna awezaye kuvuka kwa niaba ya mwingine. Walakini wenziwe wanakwenda naye hadi ukingoni. Kiswahili kina kitenzi chake kwa tendo hilo, kusindikiza, na mfasiri atakayeirudia kazi hii angefanya vema kuanzia hapo.