Ufundi wa Diski Penye Mvuke

Diski ngumu ya laptopu mara nyingi hutoa dalili kabla ya kuzimika kabisa. Mashine huchelewa kuwaka, faili moja hufunguka na nyingine ikagoma, kisha husikika tik, tik, tik. Huo ni mlio wa vichwa vya kusomea vinavyotafuta njia kwenye sahani, vikaikosa, vikarudi vilikoanzia. Sahani huzunguka, kwa kawaida, mara 5,400 kwa dakika, na vichwa huelea juu yake kwa pengo la nanomita chache tu, vikibebwa na hewa. Ndiyo sababu diski nyingi zina tundu dogo lenye kichujio, na watengenezaji huweka kikomo cha mwinuko cha kama mita 3,000. Olkaria, eneo la mvuke wa ardhini nchini Kenya lililo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, haina tatizo hapo.

Tatizo la Olkaria ni hewa yenyewe. Mvuke wa ardhini, unaozalisha umeme tangu mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulipowashwa mwaka 1981, huja na salfidi hidrojeni, gesi inayonuka kama yai viza. Gesi hiyo hula shaba na kuifanya fedha iwe nyeusi, na bodi za kielektroniki zina madini yote mawili. Kwa hiyo fundi makini hakimbilii kuilaumu diski. Hufungua skrubu za bodi ya saketi iliyo mgongoni mwake, akaigeuza, akatazama miguso kwa kioo cha kukuza. Akikuta weusi, huusugua taratibu kwa raba ya kufutia penseli, akapangusa vumbi na kuirudisha bodi. Kuna siku hitilafu huishia hapo, mteja akaondoka na diski yake ile ile. Anayeuza diski mpya kabla ya kuangalia hayo ni mchuuzi tu.

Miguso ikiwa safi, husomwa kumbukumbu za SMART, ambazo diski hujiwekea yenyewe. Namba za kutazama hasa ni mbili: sekta zilizokwisha kuhamishwa na sekta zinazosubiri kuamuliwa. Zikizidi kupanda, diski inakwisha, na hapo fundi hasa hujulikana, kwa kuwa hatengenezi kitu kabla ya kunakili. Programu ya kukarabati faili huisumbua diski dhaifu kila kona, na huenda ikaimaliza. Yeye huiunganisha na mashine nyingine bila kuiandikia chochote, akatumia programu ya ddrescue, inayookoa kwanza yanayosomeka kwa urahisi na kuyarudia magumu baadaye. Kazi hiyo yaweza kukesha. Diski inayogonga, hata hivyo, huzimwa papo hapo, maana kila mzunguko waweza kuikwaruza zaidi.

Kubadilisha kwenyewe hakuna makuu. Betri hukatwa, skrubu hulegezwa, diski huvutwa kwa usawa kutoka ilipochomekwa, na fremu yake huvishwa mpya. Unene huwa milimita 7 au 9.5, nyembamba hujaziwa kipande ili isicheze. Siku hizi wengi huweka SSD, isiyo na sahani wala vichwa.  Diski kuukuu hurudishiwa mwenyewe, kwani bado ina siri zake.

Laptopu nyingi nyembamba za sasa hifadhi yake imechomelewa kwenye bodi kuu, na hakuna diski ya kuchomoa. Mwenye nayo aweke nakala ya kazi yake mahali pengine leo hii.