Waridi la Jangwani na Wenzake: Jicho la Kwanza kwa Maua ya Jua Kali Ukambani

Jamani, msimu umefunguka! Upepo mkavu wa Septemba unapeperusha vumbi jekundu kutoka Mwingi hadi Mtito Andei, nyasi zimekwisha, mito imebaki mchanga mtupu, na katikati ya ukame huo wote vitalu vya miche vya Kitui, Wote, Emali na Kibwezi vinawaka rangi. Waridi! Zambarau! Rangi ya machungwa! Nyekundu isiyo na haya hata kidogo! Nimevipitia kwa mara ya kwanza msimu huu, nimerudi na mizigo inayozidi mikono, na siwezi kungoja mvua ndipo niandike. Hukumu kamili itakuja baada ya vuli. Haya ni ya jicho la kwanza tu, na jicho la kwanza limefurahi kupita kiasi.

Kwanza tukubaliane kipimo. Kwingine maua hupimwa kwa rangi na harufu. Kitui na Makueni hupimwa kwa mtungi wa lita 20. Maji ya huku yana safari ndefu: yamechotwa kwenye kisima kilichofukuliwa katika mchanga wa mto, au kwenye bwawa la mchanga, au yamebaki tangini tangu mvua iliyopita, kisha yakapandishwa kilima kwa punda. Ua linalodai mtungi kila jioni linagombana na ng'ombe, na sufuria, na sare za shule. Kwa hiyo kila mmea nilioutazama nimeuuliza swali moja: ukinyimwa maji, utafanya nini? Kuna inayojibu kwa kunyauka. Kuna inayojibu kwa kusinzia. Halafu kuna ile inayojibu kwa kuchanua, na hiyo ndiyo iliyonifanya nipige kelele katikati ya kitalu cha watu.

Nyota wa msimu: waridi la jangwani

Nisizunguke. Ukiwa na pesa za mmea mmoja tu, acha kusoma, nenda ukanunue hili. Waridi la jangwani, ambalo wanasayansi huliita Adenium obesum, lina shina lililovimba chini kama chungu, na ndani ya uvimbe huo limejiwekea akiba ya maji. Kiangazi kikikaza, linapukutisha majani. Ungedhani limekufa. Kumbe ndipo linapoanza! Matawi matupu ya kijivu, na kwenye ncha zake tarumbeta za waridi kali zenye koo jeupe, shada baada ya shada, jua likiwa utosini.

Wasafiri wa barabara ya Mombasa wamelipita mara nyingi bila kulijua jina. Ukiiacha Mtito Andei na kuingia Tsavo wakati wa ukame, zile alama za waridi kati ya vichaka vilivyokauka ndizo hizo. Ni mmea wa nyika yetu hii, na pia wa Somalia, Ethiopia na ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Peter Forsskål, mwanasayansi Msweden, alilikuta Yemen katika safari ambayo hakurudi. Alifia huko mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775. Tangu wakati huo limetembea dunia nzima, na wakulima wa Thailand na Taiwan wameligeuza kila namna. Wametoa yenye petali za safu mbili na tatu, nyekundu iliyokolea mpaka inakaribia weusi, njano, yenye michirizi.

Na sasa hao wajukuu wa ughaibuni wanarudi nyumbani! Nimewaona vitaluni, wamepandikizwa juu ya mashina ya miche ya kawaida, na bei yao inakufanya uulize mara ya pili ukidhani hukusikia. Wanapendeza, sibishi. Lakini zile petali nyingi hulielemea ua mpaka linainama, na katika upepo wa Septemba ya Makueni huchanika mapema. Kando yao lilisimama lile la asili la petali tano, bei ya chini, limenyooka na limechanua kila ncha. Jicho langu lilikuwa likirudi pale pale.

Ushauri wa kununua: tafuta mche uliotoka kwenye mbegu. Ule wa kipandikizi cha tawi huchanua haraka, ila mara nyingi haupati tumbo zuri la chini, na tumbo ndilo nusu ya raha. Upande kwenye mchanga wa mto, kokoto kidogo na samadi ya mbuzi iliyokaa ikaiva. (Mchanga wa kopo moja tu, tafadhali, Makueni ina sheria yake ya kuulinda mchanga tangu 2015, na ina sababu nzuri.) Mwagilia udongo ukishakauka kabisa, si kabla. Adui yake si kiu, ni huruma ya mwenye nyumba. Hatari kubwa huja Juni na Julai, wakati mawingu na baridi vinapoishika Ukambani: ukiendelea kumwagilia, shina linaoza kuanzia ndani na hutajua mpaka uliguse lilegee. Tena utomvu wake ni sumu inayoshika moyo, kwa hiyo nawa mikono na uliweke mbali na watoto wachanga na mbuzi wadadisi. Wala usiende kung'oa la porini. Mizizi ya zee la nyikani hukatika, kidonda huoza, na unakuwa umeua mmea uliokuwepo kabla yako.

Boganvilia: kelele tupu, kelele tamu

Hii haihitaji kutambulishwa. Iko kwenye ua wa kila shule na kila lango la kanisa. Lakini aina zilizoletwa msimu huu! Rangi ya machungwa inayogeuka waridi ikizeeka. Nyeupe yenye kingo za zambarau. Zenye majani ya madoa ya krimu ambazo hata zisipochanua bado ni pambo. Nilisimama mbele ya safu yake nikasahau nilikuwa nimekuja kununua nini.

Asili yake ni Amerika Kusini. Philibert Commerson, Mfaransa, aliikusanya Rio de Janeiro mwaka 1767. Kile tunachokiita ua si ua. Ni majani yaliyogeuzwa rangi, na ua lenyewe ni kile kijimrija cheupe kilichojificha katikati. Kwa mtu wa Kitui hiyo ni habari njema sana, maana majani hayo ni makavu na magumu, hudumu wiki nyingi wakati petali za kawaida zingekuwa zimekauka zikaanguka.

Na swali la mtungi? Boganvilia inajibu kwa ufidhuli: ipe maji mengi na mbolea nyingi uone itakavyokujazia majani ya kijani bila ua hata moja. Nitese kidogo, inasema, nami nitakuonyesha. Jua la siku nzima, maji ya mche mpaka ishike mizizi, kisha iache. Kasoro zake ni miiba inayochana nguo na mikono, na ukuaji usio na adabu. Usipoipogoa mara tu baada ya kuchanua, itahamia kwa jirani.

Kiluma: mwenyeji aliyedharauliwa

Hapa ndipo nilipochanganyikiwa kwa furaha. Kiluma, shubiri yetu ya nyika, Aloe secundiflora, ile ambayo bibi zetu wameijua kama dawa na wapitaji wameiona kama kichaka cha miiba, ipandwe tu safu moja mbele ya nyumba! Mikono minene ya kijani iliyopinda, na katikati yake bua refu lenye matawi, limejaa vijimrija vyekundu vya maua. Ndege chozi wanakuja na midomo yao iliyopinda, wanang'ang'ania bua moja wawili wawili, wanagombana. Nyuki nao wamo. Na katika nchi ya asali ya Kitui, mmea unaowalisha nyuki wakati kila kitu kimekauka ni mali, si pambo tu.

Maji? Karibu hauyataki. Mtelemko wenye mawe ambapo hakuna kilichokubali kuota ndipo unapopapenda. Jambo moja tu: nunua kwa mtu aliyeuzalisha. Uvunaji wa shubiri pori ulipigwa marufuku kwa amri ya rais mwaka 1986, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa hadi leo. Kiluma kimoja huzaa mbegu za kutosha kugawia kijiji, hivyo hakuna sababu ya kuuvamia msitu.

Miti ya kukaa chini yake

Bustani ya jua kali bila kivuli ni adhabu. Mwaka huu nimetazama miti kwa jicho la maua, na nimepata mshangao wangu: mukau! Ndiyo, ule ule Melia volkensii wa mbao, ambao kila mtu huupanda akiwa na hesabu ya seremala kichwani. Ukaribie mwisho wa kiangazi, mvua haijaonekana hata kwa ndoto, na tayari umeanza kuvaa majani mapya na vishada vya maua madogo meupe yanayonukia. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya, KEFRI, kilichoko Kitui kimeufanyia kazi kwa miaka mingi, pamoja na wataalamu wa Japani, kuchagua ile inayostahimili ukame zaidi. Usihangaike na mbegu. Iko ndani ya kokwa gumu kama adhabu, lazima ipasuliwe na kukatwa kwa ustadi ndipo iote. Nunua mche.

Mkrismasi, ule mwavuli mwekundu kutoka Madagaska, bado haujawaka, lakini vichipukizi vipo, na kuanzia Novemba utafanya kazi yake. Ni mzuri kupindukia, na mizizi yake ni mikorofi kupindukia. Uweke mbali na ukuta na tangi. Mimi msimu huu nampigia debe ndugu yake wa huku kwetu, Delonix elata, mwembamba zaidi, wa maua meupe ambayo huzeeka kuelekea njano ya kutu. Ni nadra kuupata kitaluni. Ukiuona, usiulize maswali, lipa.

Mbuyu? Kibwezi yote imejaa fahari hiyo, na ua lake kubwa jeupe linalofunguka magharibi kwa ajili ya popo ni tukio la kuitana majirani. Ila huo panda kwa ajili ya wajukuu.

Kitakachokuja na vuli

Sasa sogea karibu, maana hii ni siri ya kitalu. Pembeni, kwenye makopo yasiyo na kitu ila udongo, wameweka viazi na vitunguu vya mimea ambayo imelala. Watu wanapita. Usipite!

Kimoja ni mkalamu, Gloriosa superba. Mvua ya kwanza ya Oktoba au Novemba ikigonga, unachomoza, unapanda ua wa miti kwa ncha za majani yake zinazojikunja kama vidole, halafu unafungua ndimi za moto, nyekundu na njano, petali zimerudi nyuma juu juu. Zimbabwe wameufanya ua la taifa. Sisi tunao vichakani na hatuutazami! Tahadhari ni kubwa: kiazi chake kina kolichisini, dawa ya jongo katika kipimo cha daktari na kifo nje ya kipimo hicho. Usiupande karibu na viazi vya kula, hata kwa bahati mbaya.

Kingine ni Scadoxus multiflorus, kitunguu kinachotoa duara zima la maua mekundu kabla hata majani hayajajikunjua. Kinadumu siku chache tu. Lakini siku hizo hakuna atakayeangalia kitu kingine uwanjani.

Walioniangusha

Si vyote ving'aavyo vimefaulu. Kana zimejaa vitaluni, nyekundu na njano za kuvutia, na zinakunywa kama zimelipiwa. Zifae tu walio na maji ya kuogea yanayotiririka kuelekea bustanini. Petunia zilikuwa zimelala kifudifudi kufikia saa saba mchana. Haidranjia zinauzwa Wote kana kwamba Wote ni Kilungu. Kule kwenye vilima vya Kilungu na Mbooni, penye baridi na ukungu, zipande kwa raha, lakini kwenye tambarare ni kununua msiba. Na lantana, hata muuzaji akupe bure, mkatalie. Itatoroka bustanini, iingie malishoni, na mifugo wataijua kwa maumivu.

Hukumu ya jicho la kwanza

Alama za juu kabisa: waridi la jangwani la asili, la petali tano, la mbegu. Linafuatwa na kiluma kwa pua moja, kwa sababu kiluma hakihitaji hata kopo. Boganvilia ya tatu, kwa mwenye ukuta wa kufunika na mkasi wa kupogolea. Mukau kwa kila mwenye nafasi ya kivuli. Mkalamu kwa mwenye ujasiri na asiye na watoto wadogo.

Na mpangilio wa kununua ni huu. Viazi na vitunguu vichukue sasa vikiwa vimelala na bei nayo imelala. Waridi la jangwani lichague sasa pia, likiwa limechanua, ili uone rangi kwa macho yako badala ya kuamini picha. Miti ingoje, chimba mashimo Septemba, jaza samadi, kisha upande vuli ikishika, kwa kuwa huku mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa kuliko zile za Machi. Ukikosea hapo utabeba mitungi mpaka Februari. Ukipatia, Februari jua likiwa limekasirika kabisa, wewe utakuwa unahesabu maua, na jirani atakuwa langoni kuomba mbegu. Mpe. Kisha mwambie aanze na lile la petali tano.