Mfugaji wa Mbawakavu

Anayetaka kuliua gugumaji huanza kwa kulilea. Mfugaji wa mbawakavu hujaza beseni pana maji ya ziwa, akaliweka penye kivuli chepesi, kisha akateua miche michanga yenye vikonyo vinene. Huisuuza mizizi na kuchambua majani makuukuu. Mwisho humimina maji ya samadi kidogo kidogo, kiganja kimoja kilicholowekwa usiku kucha, ili majani yasipauke. Mmea dhaifu hauwezi kumlea mdudu mpaka akomae.

Gugumaji asili yake ni bonde la Amazon. Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likishuka na Mto Kagera, na katika miaka ya 1990 likafunga mialo na njia za vivuko. Mbawakavu wanaolila asili yao ni hukohuko Amerika Kusini, na mradi wa mazingira ya ziwa, LVEMP, ulieneza ufugaji wao katika nchi zote tatu za mwambao. Ni aina mbili, jamaa za fukusi wa mahindi: mdomo mrefu uliopinda, mwili wa milimita 4 hadi 5. Neochetina bruchi ana ufito hafifu wa umbo la V mgongoni. Neochetina eichhorniae ana mabaka. Kwa jicho lisilozoea, wote ni punje za udongo mkavu. Walipimwa kwa mimea mingi kabla ya kuachiwa, ikathibitika kwamba pasipo gugumaji hawaendelezi kizazi. Mkulima wa mpunga wa Magu, mkoani Mwanza, hana sababu ya kuwaogopa.

Mchana hujichimbia katikati ya mmea, usiku hutoka kula. Kwa hiyo asubuhi mfugaji hawatafuti wadudu, husoma majani. Vikwaruzo vyeupe vya milimita chache juu ya jani jipya vinamwambia kwamba wamekula. Vikipungua, hukagua kivuli, maji na samadi. Jike hutoboa kikonyo na kutaga humo. Buu asiye na miguu huanguliwa baada ya wiki moja au zaidi, akachimba njia ndani ya kikonyo kuelekea chini, hadi kwenye kiini cha mmea.

Hapa ndipo ustadi unapoonekana. Buu akishakomaa hushuka majini na kujisokotea kifukofuko kwa vinyweleo vya mizizi, akakishikiza kwenye mzizi ulio hai. Mkono wenye haraka unaoutoa mmea ulionyauka na kuutikisa huangamiza kizazi kizima bila kujua. Mfugaji hodari huuinua mmea kwa viganja viwili, huchungulia mizizi, kisha huurudisha ulivyokuwa. Toka yai mpaka mdudu mzima ni kama miezi mitatu, na hakuna namna ya kuiharakisha.

Wakati wa kuvuna, huizamisha miche chini ya wavu. Wadudu hupanda juu kutafuta hewa, naye huwaokota mmoja mmoja na kuwaweka katika chombo chenye matundu na vipande vya majani mabichi. Wengine husafiri ndani ya miche yenyewe, ikiwa na mayai na mabuu. Huwapeleka kwenye ghuba tulivu, mahali ambapo upepo hautalisukuma zulia la magugu hadi ng'ambo, na huipachika miche katikati yake.

Hapo mfugaji anahitaji makubaliano na wavuvi. Vikundi vya Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi, BMU, hung'oa magugu mialoni kwa panga, reki na mikono, kazi ngumu inayofungua njia ya mitumbwi siku ileile. Lakini sehemu yenye wadudu lazima iachwe, la sivyo miezi mitatu ya beseni hulundikwa ufukweni ikauke. Baadaye vikonyo hufupika, majani husinyaa, zulia huzama.

Magugu yalipopungua sana kuelekea mwaka 2000, wataalamu walibishana: ni mbawakavu, au ni mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998? Mimi naona mmea uliotobolewa ndani ndio unaovunjwa upesi na wimbi.

Samadi ambayo mfugaji huipima kwa kiganja, Mto Mirongo huimwaga ziwani bila kipimo pamoja na maji machafu ya jiji la Mwanza, na Mto Simiyu huleta udongo wa mashambani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za ziwa na mito. Watu wasipoitii, gugumaji hulishwa. Mbegu zake nazo hukaa hai topeni kwa zaidi ya miaka 15. Ndiyo maana mfugaji mzuri hamwagi mabeseni ziwa linaposafika. Hubakiza mbegu ya wadudu, akiwabadilishia mmea uliochoka. Mabeseni hayo yanastahili fungu la kila mwaka katika bajeti za halmashauri za mwambao, hata katika mwaka ambao hakuna gugumaji hata moja mwaloni.