Pedi Mbili na Kipanya Kimoja

Upo ubishi ambao wapenzi wa michezo ya video katika nchi tajiri wameubishana kwa zaidi ya miaka 30 bila kuchoka. Wako wanaosema kwamba mchezo wa kweli ni ule wa kwenye kompyuta, na wako wanaoshikilia kwamba hakuna kama mashine ya gemu, ile inayochomekwa kwenye televisheni na kuchezwa kwa pedi. Nimezisoma hoja za pande zote mbili. Wa kompyuta hujivunia picha safi, kipanya kinacholenga shabaha bila kuyumba, na uhuru wa kubadilisha kifaa kipande kwa kipande kinapozeeka. Wa mashine ya gemu hujibu kwamba wao hawana haja ya kufungua chochote: unatia diski, unacheza. Hoja hizo ni za kweli, lakini zote zinamchukulia mchezaji kuwa mtu mmoja aliyekaa chumbani kwake na mali yake.

Mimi nimeuona ubishi huo Tabora, na Tabora mali hiyo haikuwa ya mchezaji.

Kwanza msomaji akumbuke tulikotoka. Mwaka 1974 serikali yetu ilizuia kuingizwa nchini kompyuta na televisheni. Zanzibar walikwisha kuwa na televisheni yao tangu 1973, lakini huku Bara tulikaa na redio hadi 1994, vituo vya kwanza vya televisheni vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Katika miaka hiyo yote watoto wa Japani walikuwa na mashine ya Nintendo, iliyotoka 1983, ambayo huko kwao, ajabu yake, iliuzwa kwa jina la Family Computer, yaani kompyuta ya familia. Kwa hiyo vioo hivi viwili vilitufikia karibu pamoja, kama wageni wawili walioshuka treni moja, nasi tukawapokea tofauti kabisa. Kompyuta tuliivalia tai. Tuliiweka ofisini, tukaifunika kitambaa, na watu wakavua viatu mlangoni kabla ya kuingia katika chumba chake. Mashine ya gemu ilipokelewa barazani, na waliokuja kuiamkia walikuwa watoto wenye miguu ya vumbi.

Kibanda ninachokifahamu kilikuwa Ng'ambo. Kilikuwa na televisheni ya chogo, PlayStation 2 iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili kifuniko kisifunguke, pedi mbili ambazo maandishi ya vitufe vyake yalikwisha kufutika, na benchi moja. Mechi ilikuwa shilingi 200. Aliyefungwa ndiye aliyelipa, akaondoka; aliyeshinda alibaki akimngoja mwingine. Wawili walicheza, na kumi na wawili walisimama nyuma yao, na hao kumi na wawili ndio waliokuwa wakipiga kelele. Mwenye kibanda alikuwa mwamuzi, mweka hazina na fundi. Umeme ulipokatika katikati ya mechi, yeye ndiye aliyetoa hukumu kama mechi irudiwe au bao lihesabiwe, na sikusikia hata siku moja hukumu yake ikikatiwa rufaa.

Nayasema haya kwa upole sasa. Mwaka 2007 sikuwa na upole huo. Mwanangu alikuwa na miaka 13, na niliposikia kwamba saa za masomo ya jioni alizitumia katika kibanda kile, nilikwenda nikamtoa kwa mkono mbele ya wenzake. Kisha, kama wazazi wengi wa wakati ule, nikafanya jambo nililoliona la busara. Nilisafiri hadi Dar es Salaam, nikamnunulia kompyuta iliyokwisha kutumika Ulaya. Muuzaji aliniapia kwamba mashine ile haina kisichoifaa. Niliipakia kwenye treni ya reli ya kati pamoja na kioo chake cha chogo, na nilipoishusha Tabora bega liliniambia uzito wake: kama frasila mbili hivi, ambao ndio uliokuwa mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi katika njia hiyohiyo miaka 150 iliyopita.

Kompyuta ile haikuweza kucheza mchezo wowote wa maana. Ilikosa kadi ya picha, jambo ambalo sikujua kwamba linaulizwa. Ilikuwa na karata za kucheza mtu peke yake na ule mchezo wa kutafuta mabomu yaliyofichwa. Mwanangu alikaa nayo katika chumba cha nyuma, mlango umerudishwa, akipanga karata. Mimi nilipita nje nikasikia kipanya kikilia ta, ta, nikamshukuru Mungu kwamba mtoto anasoma. Marafiki zake hawakuja tena. Kuja kufanya nini? Kiti kilikuwa kimoja.

Hapo ndipo ninapoona kosa la wabishi. Wanapima nguvu za mashine, wakati mchezo wowote una sehemu ambayo haimo ndani ya mashine. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na kwa uchezaji halibadiliki lichongwe kwa mninga au lichimbwe ardhini chini ya mwembe. Lakini bao halichezwi kimya chumbani. Linataka mtu wa kukaa ng'ambo ya pili, na linataka watazamaji wa kusema "hapo umekwisha" kabla mchezaji mwenyewe hajajua. Mashine ya gemu ilikuja na matundu mawili ya pedi. Huo ndio ubora wake mkubwa, na katika makala nyingi nilizozisoma za kuisifu hutajwa mwishoni, ukitajwa.

Nisije nikaeleweka vibaya, mchezo wenyewe pia ulikuwa mzuri. Soka ya Konami iliyoitwa Pro Evolution Soccer katika PlayStation 2 ilikuwa na mpira wenye uzito. Pasi mbaya ilikwenda vibaya, na mchezaji aliyechoka alionekana kuchoka. Aliyefungwa alijua kwa nini amefungwa. Jambo hilo ni adimu, na nadhani ndilo lililoufanya mchezo uishi muda mrefu kuliko walivyotarajia wenye nao. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000. Sony yenyewe husema iliuza mashine milioni 160 hivi. Konami waliitolea toleo la mwisho la soka mwishoni mwa 2013, na baada ya hapo mafundi wasio na jina waliendelea kunakili diski zenye majina ya wachezaji wapya. Simba na Yanga hawakuwamo, lakini mchezo uliruhusu kuhariri timu, na kule Ng'ambo timu moja ya kubuni ilipewa jina la mtaa, na golikipa wake akaitwa kwa jina la mwenye kibanda.

Hapo mtetezi wa kompyuta atanisimamisha, naye ana haki. Atasema: hicho unachokisifu, kuhariri na kunakili na kutia chipu ili mashine isome diski ya bandia, ni tabia ya kompyuta. Mashine ya gemu hutoka kiwandani ikiwa imefungwa ili mnunuzi asiiguse. Mafundi wetu ndio walioilazimisha kufunguka. Kweli. Hata watengenezaji hawana hakika mpaka uko wapi. PlayStation 2 ilipopelekwa Ulaya mwaka 2000, Sony waliweka katika diski ya majaribio programu ndogo ya kuandikia programu, na wakadai mbele ya watu wa forodha kwamba ile ni kompyuta, kwa kuwa kompyuta haikutozwa ushuru na mashine ya mchezo ilitozwa.

Mtu wa Tabora anaweza kucheka hapo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe kwenda Ujiji ililipa hongo kwa kila mtemi iliyempitia, na neno hilo lilikuwa na maana ya ushuru wa njia kabla halijaharibika likawa rushwa. Ubishi wa siku nzima mbele ya boma, kwamba mzigo huu ni vitambaa vya kawaida au ni vitambaa vya wakubwa, ulikuwa ubishi wa Sony na watu wa forodha. Jina la kitu hufuata malipo yake.

Lakini nimeahidi kumpa mtetezi wa kompyuta haki yake. Kompyuta yangu ya frasila mbili ilikufa 2010, na mwanangu akaifungua. Alichukua kipande kutoka mashine nyingine iliyokufa, akatafuta kadi ya picha, akafufua kitu kilichoweza kucheza Grand Theft Auto: San Andreas, mchezo ambao mtu wa umri wangu hapaswi kuusifu, nausifu kwa ukubwa wa nchi yake na nalaumu mengine. Baadaye akapata mashine bora, na mchezo wa Euro Truck Simulator 2, uliotolewa na kampuni ya Wacheki mwaka 2012. Kazi yake ni kuendesha malori katika barabara za Ulaya, basi, na mimi niliuona wa kuchosha. Ila unafungulika. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wamo katika kazi ya kuutengenezea mabasi ya kwetu. Mwanangu alitumia wiki tatu kupaka basi moja rangi, akaliandikia ubavuni TABORA–KIGOMA, akaongeza na matope ya masika kwenye matairi. Kisha akaliendesha nchini Ujerumani. Mashine ya gemu isingempa nafasi hiyo. Kwa kutengeneza, kompyuta imeshinda, na sioni wa kunibishia.

Kwa kucheza, nasimama na kibanda. Niliangalia basi lile mara moja, nikasema "vizuri," nikaondoka, na hakuwapo mwingine wa kuliangalia. Mtandao ungempa watazamaji, watasema, na wengine wanaupata. Lakini kwa bei ya vifurushi vya wakati ule, kupakua mchezo mmoja mkubwa kungekula mshahara wangu wa wiki. Siku hizi simu imewapita wote wawili, na mtoto wa leo hucheza soka akitembea. Vibanda vimepungua kelele, ingawa havijafa. Vimehamia PlayStation 3 na 4, na chogo limeondoka.

Desemba iliyopita mwanangu alikuja likizo. Ni fundi kompyuta sasa, huko mjini kwake. Jioni moja alisema, "Baba, twende mahali." Tulipita Ng'ambo, na nilipotambua njia nilinyamaza. Kibanda kilikuwa kingine, mwenyewe mwingine, lakini benchi ilikuwa ileile au ndugu yake. Vijana walisimama, wakasema "Shikamoo mzee," wakanipisha. Hakuna aliyejua kwamba niliwahi kuingia hapo kwa sababu nyingine, isipokuwa sisi wawili. Mwanangu aliweka shilingi 500 mezani, akanipa pedi ya pili.

Nilifungwa sita bila. Katika bao la nne, kijana mmoja nyuma yangu alishindwa kuvumilia, akaniinamia begani akasema kwa huruma, "Mzee, toa pasi, usikae nao mpira." Nilijaribu kutoa. Sikujua ni kitufe gani, na maandishi yalikuwa yamefutika.