Orodha Mbili za Barabara Moja

Ushairi wa orodha una heshima yake ya kale. Mtunzi anayetaja majina ya miji, ya majahazi au ya mababu hufanya kazi mbili kwa pamoja: huhifadhi na huchagua. Jina lililotajwa hudumu, na lililorukwa huanza kudidimia. Kwa hiyo kila orodha yafaa ihojiwe mara mbili, imetaja nini na imeruka nini. Hoja hii ndiyo ufunguo wa utanzu mmoja uliostawi sana Marekani, yaani nyimbo, riwaya na filamu zinazosifu safari ndefu za motokaa na moteli za kando ya barabara.

Moteli yenyewe ina umri usiofika miaka mia moja na kumi. Neno hilo, lililozaliwa na motokaa pamoja na hoteli, lilitumiwa na msanifu majengo Arthur Heineman mwaka 1925, alipojenga nyumba ya wasafiri katika mji wa San Luis Obispo, jimbo la California. Umbo lake lilikuwa rahisi: vyumba vimepangwa safu, na kila mlango unatazama mahali gari linapoegeshwa. Mwaka uliofuata ikaanzishwa barabara nambari 66, iliyotoka Chicago ikapita majimbo manane hadi California, mwendo wa kilomita zipatazo 3,900. Kandokando yake zikachipuka moteli zenye mabango ya taa za rangi, kama Blue Swallow ya Tucumcari, New Mexico, iliyoanza kujengwa mwaka 1939, na Wigwam ya Holbrook, Arizona, ya mwaka 1950, ambayo vyumba vyake ni mahema ya saruji. Sheria ya mwaka 1956 ikaleta barabara kuu mpya zilizoikwepa miji midogo, na mwaka 1985 nambari 66 ikafutwa katika daftari la barabara za taifa. Kilichokufa kikaanza kuliliwa, na hamu ya zamani ikawa biashara.

Wimbo uliobeba hamu hiyo kuliko wowote ni ule wa Bobby Troup, alioutunga mwaka 1946 akisafiri kwa gari kutoka Pennsylvania kwenda California. Maudhui yake ni machache mno. Ni mwaliko, kisha orodha ya miji. Uzuri wake wote umo katika fani: majina ya kawaida kabisa yanapangwa kwa mizani mpaka yanang'aa kama shanga. Kansas, ambako barabara ilipita kilomita ishirini na kidogo, haikupata nafasi. Na kuna jambo litakalowafurahisha wote waliowahi kuhangaika na vina. Msafiri aelekeaye magharibi huipita Winona kabla ya kufika Flagstaff, lakini katika wimbo Winona inatajwa baadaye, kwa sababu jina la Arizona limekwisha kutamkwa na sikio linadai kina chake. Watunzi wa Kiswahili huruhusiwa kuboronga sarufi ili vina vikae sawa. Troup ameboronga jiografia. Hapana wa kumlaumu. Asikilizaye wimbo hapotei njia kwa sababu ya Winona.

Lakini mtu wa kwanza kuufanya wimbo huo uvume, mwaka ule ule wa 1946, alikuwa Nat King Cole pamoja na wenzake wawili. Cole alikuwa Mmarekani Mweusi. Mwaka 1948 aliponunua nyumba katika mtaa wa Hancock Park, Los Angeles, majirani weupe walipinga asihamie. Mwaka 1956 alishambuliwa jukwaani mjini Birmingham, Alabama, akiwa katikati ya kuimba. Katika sehemu nyingi za barabara aliyoisifu, mtu wa rangi yake hakupewa kitanda, na miji mingine haikutaka jua limchwee humo. Sauti iliyowaalika wengine safarini ilikuwa ya mtu ambaye mwenyewe angegeuzwa mlangoni.

Hapa ndipo orodha ya pili inapohitajika. Victor Hugo Green, mpeleka barua aliyeishi Harlem, New York, alianza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha mwongozo kwa wasafiri Weusi wenye magari, kikajulikana kwa jina lake kuwa Green Book. Ndani yake jimbo linafuatwa na mji, mji unafuatwa na hoteli, nyumba za watu binafsi zilizopokea wageni, mikahawa, vinyozi, wasusi, gereji na vituo vya petroli. Hakina tashbihi wala kina. Jina la mwenye nyumba na mtaa wake, basi. Toleo la mwaka 1948 lilitamani siku ambayo kitabu chenyewe hakitakuwa na haja tena ya kuchapishwa, na ni nadra mwandishi kuiombea kazi yake ife.

Ukiziweka orodha hizi mbili pamoja, tofauti yao ya fani inakuwa tofauti ya maisha. Katika wimbo, mji waweza kusogezwa kwa ajili ya sikio. Katika kitabu cha Green, jina moja likikosewa, familia yenye watoto inalala ndani ya gari kando ya njia, au inaendesha usiku kucha. Mji usiotajwa na Troup umekosa sifa tu. Mji usiotajwa na Green ulikuwa onyo. Ukavu wa lugha yake ni adabu ya mtu ajuaye kwamba msomaji wake hana nafasi ya kubahatisha.

Yupo atakayesema kwamba wimbo si hati ya mashtaka, na kwamba furaha ya barabara ilikuwa ya kweli. Ni sawa, na Weusi nao waliipenda motokaa, kwa kuwa iliwatoa katika mabasi na treni zilizowatenga. Kosa haliko kwa Troup. Kosa liko kwa waliokuja baadaye, wanaochukua wimbo wa dakika chache wakaufanya historia. Mtunzi wa Al-Inkishafi alipoyatazama magofu ya Pate, aliuliza wenyewe wako wapi na wamepata malipo gani. Mpenzi wa moteli kuukuu hupiga picha ya bango lililochakaa, asiulize nani aliambiwa nafasi hazipo hali vyumba vilikuwa vitupu.

Vladimir Nabokov aliuliza, kwa njia yake. Katika riwaya ya Lolita, iliyotoka Paris mwaka 1955, moteli zinaorodheshwa kwa majina yake matamu, huku chumbani akiwamo mtoto aliyetekwa. Utamu wa orodha umekuwa pazia, na msomaji makini anaona aibu ya kuupenda.

Mfasiri naye ana mtihani wake. Akiandika "nyumba ya wageni", Kiswahili kinamtolea mgeni mwenye haki zake na mwenyeji mwenye wajibu, ambao moteli haikuujua. Akiandika "moteli", anaacha ubaridi wa mahali penye funguo na bei. Kwa wimbo, "moteli" latosha. Kwa zile nyumba za kitabu cha Green, ambako mama mwenye nyumba alimfungulia asiyemjua na kumpikia, "nyumba ya wageni" ni tafsiri ya haki.

Sheria ya Haki za Kiraia ilipitishwa mwaka 1964. Mwenye Heart of Atlanta, moteli ya vyumba 216, aliipinga mahakamani, na Desemba mwaka huo Mahakama ya Juu ikamshinda. Kitabu cha Green kikakoma baada ya miaka michache. Miongoni mwa majina yaliyokuwamo ni Lorraine ya Memphis, iliyonunuliwa na Walter na Loree Bailey mwaka 1945. Husimuliwa kuwa waliipa jina la mke huyo na la wimbo ambao Nat King Cole aliurekodi mwaka 1940. Tarehe 4 Aprili 1968, Martin Luther King aliuawa kwenye roshani yake, mbele ya chumba nambari 306. Tangu mwaka 1991 moteli hiyo ni makumbusho. Bango lake la zamani lingali limesimama, magari ya wakati ule yameegeshwa chini ya roshani, na hakuna anayelala humo.